Pagala lina viumbe wengi kuliko nyumba iliyoisha

Ukitaka kuona viumbe waliobaki huku kwetu Kigamboni usiende kwenye nyumba zenye bustani nzuri, nenda kwenye mapagala. Nasema kweli kabisa. Lile pagala la mtu aliyepandisha boma akaishiwa hela, madirisha hayana grili, juu hakuna bati, ndani imeota mibono na mpapai mmoja ambao hakuna aliyeupanda, humo ndo utakuta bundi, popo, nguchiro na watoto wake, nyuki wamejaa kwenye tundu la tofali, na ile mijusi yenye kichwa cha bluu inapiga pushapu juu ya lenta. Halafu nenda kwa jirani yake aliyemaliza. Peving, vile vitofali vya kutandika chini, kuanzia getini mpaka kwenye karo la choo, miashoki imesimama mstari ukutani, taa zinawaka usiku kucha. Utakuta mjusi kafiri kwenye taa na kunguru kwenye pipa la taka. Basi.

Hili jambo naliwaza siku nyingi, kwa sababu kila mtu anasema ujenzi ndo unafukuza wanyama, na ni kweli kwa ujumla, ila mi naona lawama tunaipeleka kwenye hatua isiyo yenyewe. Nyumba yenyewe inakula sehemu ndogo tu ya kiwanja. Vyumba vitatu, sebule, jiko na kibaraza, kwenye kiwanja cha mita za mraba 600 au 800 bado unabaki na eneo kubwa tu la udongo. Kinachowamaliza viumbe ni siku mbili: siku ya kusafisha kiwanja na siku ya finishingi, peving na ukuta zinapoingia. Hapo katikati, hiyo miaka mitano mpaka kumi na kitu ambayo Mtanzania anajenga kidogokidogo kila akipata chochote, leo msingi, mwakani boma, mwaka mwingine kupaua, hapo viumbe wanapumua. Umaskini wetu wa kujenga polepole umeokoa komba wengi kuliko semina yoyote ya mazingira.

Kwa wasioijua Kigamboni niwape picha. Zamani huku, ng'ambo ya maji kutoka mjini Dar, ulikuwa unavuka kwa pantoni, na ile foleni ya pantoni ndo ilikuwa inazuia watu. Serikali ilipoanza mradi wa viwanja 20,000 mwaka 2002, maeneo kama Kibada, Toangoma, Mwongozo na Gezaulole yakapimwa, watu wakanunua, lakini wengi waliacha viwanja vikae kwanza. Halafu daraja likafunguliwa 2016, urefu wake mita 680 tu, na hapo ndo mchezo ukabadilika. Sensa ya 2012 ilikuta Dar nzima ina watu milioni 4.36, ya 2022 ikakuta milioni 5.38. Hiyo milioni moja iliyoongezeka haikuhamia Kariakoo jamani, Kariakoo hakuna pa kuweka hata mguu. Imekwenda Chanika, Goba, Madale, Kibamba, Mbagala ndani ndani huko, na huku kwetu. Na kila hapo palipoitwa pori palikuwa na wenyewe: minazi, mikorosho, miembe mizee na vile vichaka vizito vya pwani ambavyo mtu akivitazama anaona uchafu.

Sasa vile vichaka si vya mchezo. Misitu na vichaka vya pwani ya Afrika Mashariki, kuanzia kusini mwa Somalia kushuka mpaka Msumbiji, ni kati ya maeneo machache duniani yenye mimea na wanyama wengi ambao hawapatikani kwingine popote. Na mabaki yake yapo hapahapa mjini. Kuna komba mdogo sana anaitwa komba wa Rondo, uzito wake kama gramu 60, unaweza kumbeba kiganjani na nafasi ikabaki, na mojawapo ya sehemu chache anazoishi duniani ni misitu ya Pugu na Kazimzumbwi na lile pori la Pande kule Mbezi. Yaani mnyama wa namna hiyo anaishi mahali ambapo ukipanda juu kidogo unaona bati za watu. Simsemi huyo kwamba anakuja uani kwangu, hapana, yeye anataka msitu. Anayekuja uani ni yule komba mkubwa mwenye mkia wa manyoya, yule anayelia usiku kama mtoto mchanga, wageni wakija kulala wanashtuka. Wagema wa tembo wanamjua vizuri, kwa sababu anapanda mnazini usiku anakunywa kwenye kibuyu kabla mwenyewe hajafika.

Tuanze na kusafisha kiwanja. Mtu akishanunua tu, kabla hajawa na hata tripu moja ya mchanga, anaita greda. Nilishawahi kuwauliza watu kwa nini, na majibu yao si ya kijinga. Kiwanja chenye pori watu wanajua hakina mwenyewe, na Dar hii kiwanja kisichokuwa na mwenyewe kinauzwa mara tatu kwa watu watatu na wote wanapewa karatasi. Kwa hiyo unasafisha ili kila mtu aone kuna mtu. Dalali naye anakwambia kiwanja kikiwa cheupe kinauzika haraka. Ndo greda linakuja, masaa mawili kila kitu kiko chini, mwembe wa miaka sabini umelazwa, kesho yake wachoma mkaa wamefika.

Mwembe mzee si mti tu. Ule mti una matundu, na tundu la mti halitengenezwi kwa mwaka mmoja, tawi linavunjika, linaoza taratibu, miaka inapita mpaka linakuwa shimo la kutosha bundi kulala au hondohondo kuatamia au komba kushinda mchana. Nyuki wadogo wasiouma nao wanaishi humo. Ukiukata ukapanda mche mpya umefanya vizuri, hongera, ila hilo tundu umelipeleka mbele miaka arobaini hamsini. Na mi simo kwenye lile kundi la watu wanaosema tupande miti ya asili tu. Mwembe wenyewe ulitoka Asia, mkorosho uliletwa na Wareno kutoka Brazil, mwarobaini ni wa India. Viumbe wetu wamevizoea vyote. Wanachotaka ni maua, matunda, kivuli na tundu.

Huku mtaani kuna mzee mwenyeji, Babu tunamwita wote, familia yake ilikuwa na shamba kubwa sana hapa kabla halijakatwakatwa. Siku moja tulikuwa tumekaa barazani kwake, kijana mmoja mwenye kiwanja kipya akaja kumsalimia.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Nasikia mwembe unaukata?"

"Eeh Babu, unanizibia ramani."

"Ramani si karatasi? Ikunje kidogo, igeukie huku. Mwembe mi nimeukuta, baba yangu kaukuta."

Kijana akacheka, akasema ataongea na fundi. Alivyoongea na fundi, fundi akamwambia kuigeuza nyumba mita tatu hakuongezi gharama yoyote ilimradi msingi haujachimbwa. Mwembe upo mpaka leo. Hicho ndo kitu ambacho watu hawakijui, kwamba kabla ya msingi kila kitu kinawezekana na ni bure, baada ya msingi kila kitu ni hela.

Halafu watu wanalalamika nyoka. Kila ukifika msimu wa ujenzi utasikia kwenye grupu la mtaa, "jamani nyoka wameongezeka huku", na picha ya kifutu kakatwa kichwa au swila kwenye stoo. Hawajaongezeka. Greda limepita plot ya pili, mashimo yake yamefukiwa, ataenda wapi? Anakuja kwako. Na anakuta panya kwako kwa sababu taka zako unamwaga nyuma ya ukuta. Nguchiro na bundi ambao wangewapunguza hao panya na hao nyoka wamekosa pa kukaa, na bundi kwanza tunamfukuza kwa mawe eti ndege wa mkosi. Sikatai nyoka ni hatari, koboko si wa kucheka naye, nina watoto na mimi. Nasema tu hesabu yenyewe ilivyo.

Kinyonga ndo ananiuma zaidi. Huyu wa huku pwani, yule wa kijani mwenye ngozi imelegea shingoni, jike lake linashuka chini mara moja, linachimba shimo kwenye udongo laini, linataga mayai ishirini na kitu mpaka zaidi ya hamsini, linafukia vizuri kabisa na kuondoka. Mayai yale yanakaa chini ya ardhi miezi mingi, mengine karibu mwaka, yanasubiri. Sasa fikiria mtu anashindilia ardhi kwa mashine na kupanga peving juu yake. Umezika kizazi kizima na wala hukumwona mama yao. Na mwakani jike lingine likishuka halipati hata kiganja cha udongo wa kuchimba, linazunguka kwenye joto la tofali mpaka paka analiona au mtu analiua kwa uoga. Kinyonga hang'ati mtu akamdhuru, hana sumu, kazi yake kula panzi na nzi mchana kutwa, ila tumelelewa kumwogopa kuliko bodaboda, ambaye ndo anatuua kweli.

Na vyura pia, nao wanataka udongo. Mchana wanajificha chini ya jiwe penye unyevu, masika wanatagia kwenye madimbwi. Peving zikitandikwa kila mahali madimbwi hayapo tena na maji hayana pa kuzama, yanaserereka getini kwenda kwa jirani wa bondeni, ndo ile mvua ya nusu saa mtaa umekuwa mto. Wakati mchanga wetu wa pwani unakunywa maji haraka ajabu ukiuacha wazi. Mbu lakini hawakupungua! Mbu wa dengi anataka maji yaliyotuama kwenye chombo, pipa la maji ya ujenzi, ndoo, tairi, kifuu. Dar tulipigwa na dengi 2014, tukapigwa tena 2019. Chura hawezi kuruka aingie kwenye pipa lako. Kwa hiyo tumemfukuza chura tukabaki na mbu.

Jambo la pesheni linachekesha kidogo. Dada mmoja hapa mtaani kapanda pesheni za njano kwenye ukuta wake mzuri, zikapanda vizuri, maua mengi, matunda hakuna. Akaweka mbolea, hakuna. Akapiga dawa ya wadudu, ndo kabisa. Kumbe ua la pesheni ni kubwa, nyuki wa kawaida anapita chini yake wala hagusi panapotakiwa, anayeliweza ni yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao, yule anayevuma kama helikopta. Na pesheni ya njano ukiwa na mche mmoja peke yake haizai, inataka chavua ya mche mwingine. Nyuki mweusi naye anatoboa nyumba yake kwenye magogo makavu, matawi yaliyokufa, mbao kuukuu ambazo hazijapakwa dawa. Ndo vitu vya kwanza kuchomwa siku ya usafi! Tulimwambia aache gogo moja la mkorosho kule kona ya nyuma, na jirani akapanda mche wa pili upande wake wa ukuta. Sa hivi anatugawia pesheni.

Wapo walionufaika na hizi nyumba zetu, tusiwasahau. Mjusi kafiri anapenda taa, anakaa pale anasubiri wadudu. Panya, mende. Na kunguru, yule mwenye shingo ya kijivu, ambaye aliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 ili ale taka za mji, akazila, kisha akavuka bahari kuja huku. Yeye anachofuata ni watu na taka zao. Mtaa ukijengwa tu kunguru wanaongezeka, na wakiongezeka wanaenda kwenye viota vya chozi, tetere na minana, wanakula mayai na makinda. Kenya mwaka 2024 walitangaza mpango wa kuwaua kunguru hawa milioni moja, kwa sababu hoteli za pwani zilishachoka nao. Hapa kwetu minana bado wapo kwenye minazi iliyobaki, wanapiga kelele asubuhi, ila dudumizi simsikii tena upande wetu. Yeye anataka kichaka kizito karibu na ardhi, na kichaka kizito ndo kitu ambacho mama mwenye nyumba hawezi kukivumilia hata siku moja.

Tuje kwenye kuta. Zamani mpaka wa plot ulikuwa ua wa mnyaa au michongoma. Kobe anapita, nguchiro anapita, kuku wa jirani nao wanapita ndo ugomvi unaanzia hapo. Sa hivi ni ukuta wa tofali futi nane, chupa juu au waya wa umeme. Kila plot imekuwa kisiwa. Nilikuwa nasoma kwamba Uingereza watu wanakata tundu la sentimita 13 kwa 13 chini ya fensi zao ili kalunguyeye, kile kijinyama chenye miiba, apite bustani hadi bustani. Nikamsimulia fundi wangu. Aliniangalia muda mrefu, akasema, "Bosi, ukiacha hilo tundu, wa kwanza kuingia ni nyoka, wa pili ni mwizi wa betri ya gari, kalunguyeye wako atakuwa wa tatu." Sikuwa na jibu. Kwa hiyo tundu la chini silipigii debe, labda kwa mwenye kiwanja kinachopakana na bonde.

Kinachowezekana kwetu ni juu. Kule Diani, Kenya, wametundika ngazi za kamba juu ya barabara ili mbega wapite bila kugongwa na magari, na wanapita kweli. Kwa komba huhitaji hata kamba, unahitaji matawi ya mwembe wako yaguse matawi ya mwembe wa jirani juu ya ukuta. Ndo maana huwa nawasihi watu, mkipanda miti pandeni kwenye mipaka na muongee na jirani naye apande. Ashoki haisaidii sana hapo. Siichukii, popo wanakula matunda yake, tuwe wakweli, lakini imesimama kama mwamvuli uliofungwa, haina kivuli wala tawi la kutembelea. Mkungu ni mzuri zaidi, popo wa matunda anabeba tunda anakwenda kulila kwenye mti mwingine, anadondosha kokwa huko, unaota mkungu bure. Mzambarau, mstafeli, mpera, mkwaju kama una nafasi. Mwarobaini unaota hata usipoangaliwa.

Na peving, jamani sisemi tukae kwenye tope. Njia ya gari weka. Mbele ya mlango weka. Ila nyuma ya nyumba, pale unapoanika nguo, kwani nani anaingia na gari? Acha udongo, panda ukoka au mchicha, acha kona moja iwe mbaya, majani makavu na magogo na jiwe moja kubwa. Fundi wa peving atakushawishi umalizie kwa sababu yeye analipwa kwa mita ya mraba. Hela utakayookoa hapo ni ya milango miwili.

Kuhusu serikali siongei sana. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 toka ukingo wa mto au ufukwe, na ukitembea kwenye mabonde ya Dar utaona mwenyewe hizo mita 60 zinavyoheshimiwa. Miradi mikubwa inafanyiwa tathmini ya mazingira. Mtu na vyumba vyake vitatu hapiti huko, na asipite, tutamaliza lini? Lakini sisi wa vyumba vitatu ndo wengi, mji huu tumeujenga sisi kiwanja kwa kiwanja, na hakuna ofisa yeyote anayekuja kutuuliza mwembe gani unabaki. Tunaulizana wenyewe tu. Kwenye grupu la mtaa tumekubaliana jambo dogo, mtu akipata kiwanja hapa anaonyeshwa miti mizee iliyomo kabla hajaita greda, aamue akiwa anajua. Wengine wanasikia, wengine wanatuona wambea.

Hapo nyuma yetu kuna kiwanja cha mtu anayeishi Mwanza, kina mikorosho na mwembe mmoja mkubwa ambao komba wanalala, na wiki iliyopita nimeona vigingi vipya vimepigwa. Namba yake nimeipata kwa dalali. Nampigia Jumamosi, na ramani yake kama anayo nitamwomba anitumie WhatsApp nikae nayo na fundi.